Taa za Pikapu Zikififia, Pima Kabla ya Kukata Waya

Anayeshuka na ndizi kutoka Nkoaranga kuwahi soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, anayepeleka karoti soko la Kilombero mjini Arusha kutoka miinuko ya Olmotonyi, na anayerudi Oldonyo Sambu usiku baada ya kuuza, wote wanafanya sehemu kubwa ya kazi gizani. Mjini taa za barabarani na za maduka huficha unyonge wa taa za gari. Ukishaacha lami ukaanza kupandisha mlima, au ukikutana na ukungu wa Julai, ndipo unapobaini kwamba taa ya kushoto imebaki wekundu tu na ya kulia inawaka ikitaka.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde mbili kumwona ng'ombe na kukanyaga breki, mita 44 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kama mwanga wake unaishia mita 40, breki nzuri hazitamsaidia kitu.

Nawaandikia wenye pikapu za zamani: Hilux za miaka ya 1980 na 1990, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Land Rover 109 na 110, na Peugeot 504 ambazo bado zinadunda. Taa za magari haya haziongozwi na kompyuta. Ni waya, swichi, fyuzi na, kwa baadhi, rilei, yaani swichi inayoamshwa kwa umeme. Mtu mwenye subira na mita anaweza kuitafuta hitilafu mwenyewe akiwa uani kwake. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatutafuti, tunabadilisha. Tunaanza na globu. Isipokubali, tunaweka fyuzi kubwa zaidi. Isipokubali hiyo nayo, fundi anakata waya wa kiwandani na kuvuta mwingine dairekti kutoka kwenye betri, na mwaka unaofuata fundi mwingine anakata wa kwake.

Ushauri wangu ni huu: usinunue wala usikate chochote mpaka ujue volti zinapotelea wapi, na volti hizo uzipime taa zikiwa zimewashwa.

Vifaa na tahadhari

Huhitaji gereji nzima. Tafuta mita ndogo ya dijitali inayosoma volti za umeme wa betri. Tengeneza testa kwa globu ndogo ya wati 5 yenye nyaya mbili, mmoja uwe na kibanio. Testa ya globu ni bora hapa kuliko ile ya LED, kwa sababu globu inavuta umeme kidogo, na waya mbovu hauwezi kuidanganya kirahisi. Ongeza msasa laini, brashi ya waya, plaizi, bisibisi na fyuzi za akiba zenye ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi.

Vua pete na saa. Weka jiwe kwenye tairi. Unapotaka kukata waya au kufungua kitu karibu na betri, toa kwanza teminali ya hasi, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho. Usivute sigara juu ya betri inayochajiwa, maana inatoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka.

Thibitisha pia volti za gari lako. Pikapu nyingi ni za volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina umeme wa volti 24. Globu ya volti 12 ukiiweka huko inakatika papo hapo, na ya volti 24 kwenye gari la volti 12 inawaka kinyonge hata kama nyaya zote ni nzima. Maandishi yapo kwenye kitako cha globu: soma.

Anza kwenye betri

Taa zote mbili zikiwa hafifu kwa kiwango sawa, usiziguse bado. Pima betri injini ikiwa imezimwa na gari limetulia kwa saa kadhaa: betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Washa injini, ongeza mafuta kidogo, washa taa, pima tena. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, chaji iko sawa. Ikibaki kwenye 12 na kushuka, ugonjwa wako ni altaneta, mkanda uliolegea au teminali za betri, na taa zinakueleza tu habari hiyo mapema. Ikivuka 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika. Huyo ndiye anayekuunguzia globu kila baada ya wiki chache, wala si muuza spea aliyekupa globu mbaya.

Teminali zilizoota unga mweupe au wa kijani zisafishe kwa maji ya moto na brashi, zikaushe, zikaze, kisha zipake grisi kwa juu. Fuata pia ule waya mnene unaotoka kwenye hasi ya betri hadi kwenye bodi na injini. Mara nyingi boliti yake imekaa kwenye kutu na tope, na umeme wote wa gari unarudi kupitia hapo.

Jua swichi inakata upande gani

Hapa ndipo mafundi wazuri hupotea njia, kwa hiyo tukae kidogo.

Globu ya H4, ambayo ndiyo iliyoenea kwenye pikapu hizi, ina nyuzi mbili ndani, moja ya dimu na moja ya fulu, na miguu mitatu. Mguu mmoja ni wa pamoja kwa nyuzi zote mbili. Kwenye Land Rover, mguu huo wa pamoja unakwenda kwenye bodi, yaani ethi, na swichi inapeleka chanya kwenye dimu au fulu. Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani mambo ni kinyume: mguu wa pamoja unapata chanya muda wote taa zinapowashwa, kupitia rilei na fyuzi, na mkono wa usukani unachofanya ni kuipeleka dimu au fulu kwenye ethi.

Fundi aliyezoea Land Rover akifungua Hilux ya namna hiyo, akatafuta chanya kwenye waya wa dimu asiione, atasema swichi imekufa. Haijafa. Waya ule haukupangiwa kubeba chanya. Atavuta chanya yake mwenyewe, atapata chanya pande zote mbili za uzi, taa haitawaka, na mkono wa usukani ukiwekwa dimu waya wake mpya utapiga shoti moja kwa moja kwenye ethi.

Kujua gari lako liko upande gani ni kazi ya dakika kumi. Chomoa soketi za taa zote mbili, siyo moja, kwa sababu ukiacha taa moja imechomekwa umeme utapita kwenye nyuzi zake na kukudanganya. Washa taa, weka dimu. Bana waya mmoja wa testa kwenye chuma kisafi cha bodi, na kwa waya wa pili gusa matundu matatu ya soketi. Sasa hamisha mkono kwenye fulu, rudia. Kama tundu moja linawasha testa kwa dimu na kwa fulu vilevile, hilo ndilo la pamoja na ni chanya: gari lako linakata upande wa ethi. Hakikisha kwa kubana testa kwenye chanya ya betri: sasa tundu la dimu litawasha testa ukiwa kwenye dimu, na la fulu ukiwa kwenye fulu. Kama badala yake, testa ikiwa kwenye bodi, tundu linalowasha linabadilika kila unapohamisha mkono, basi swichi inakata upande wa chanya na ethi ndiyo ya pamoja. Testa ikimulika kwa mbali sana kwenye tundu la fulu, usiihesabu: huo ni umeme unaopenya kupitia kitaa cha fulu cha kwenye dashibodi.

Usitegemee rangi za nyaya peke yake. Kwenye Land Rover, bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, na mweusi ni ethi. Toyota hutumia mweupe wenye mstari mweusi kwa ethi. Lakini pikapu ya miaka 30 iliyopita mikononi mwa mafundi wengi ina rangi zake yenyewe, na testa ndiyo inayosema kweli.

Dalili na maana yake

Ukishajua upande wa swichi, dalili zinaanza kueleweka.

Taa moja haiwaki kabisa, dimu wala fulu, au inawaka wekundu hafifu huku kitaa cha fulu kikimulika kidogo kwenye dashibodi wakati uko kwenye dimu: mguu wa pamoja wa taa hiyo umepoteza njia yake. Umeme unazunguka kupitia nyuzi za taa ya pili kutafuta pa kupita, ndiyo maana nyuzi zote mbili zinakuwa nyekundu bila kutoa mwanga. Kwenye Land Rover, nenda kwenye ethi ya taa hiyo. Kwenye Toyota inayokata upande wa ethi, nenda kwenye fyuzi ya taa hiyo, maana nyingi zina fyuzi mbili, ya kulia na ya kushoto. Dalili ni moja, chanzo ni kinyume. Ndiyo sababu nimekuomba ujue kwanza upande wa swichi.

Dimu imekufa kwenye taa moja, fulu inawaka: hapo mara nyingi ni globu, na ni haki kununua. Dimu imekufa pande zote mbili kwa wakati mmoja: usikimbilie swichi, kwa sababu dimu ndiyo inayotumika zaidi na nyuzi mbili zinaweza kuwa zimekatika kwa kupishana siku chache bila wewe kuona. Zichomoe uzitazame. Zikiwa nzima, sasa mtuhumiwa ni swichi ya dimu au waya wake.

Ukivuta mkono kuwapigia wenzako fulu taa zinawaka, lakini ukiwasha kwa swichi ya kawaida hakuna kitu: kwenye Toyota nyingi hiyo inakuonyesha kwamba globu, fyuzi na rilei ni vizima, na tatizo liko kwenye swichi kuu ya taa.

Fulu haizimi, au dimu na fulu zinawaka pamoja. Kwenye gari linalokata upande wa ethi, hii ina maana waya wa fulu au wa dimu umechubuka na kugusa bodi. Haiunguzi fyuzi, kwa sababu kugusa bodi ndicho hasa kitu ambacho swichi ingefanya. Wengi hubadilisha swichi nzima kwa hitilafu hii, na kesho yake fulu bado inawaka. Kagua nyaya zinapopita kwenye tundu la bati nyuma ya taa na kando ya radieta.

Ukiwasha indiketa na taa kubwa au parking inacheza nayo kwa mpigo mmoja: taa hizo zinagawana ethi mbovu.

Tafuta volti zilizopotea

Mita peke yake inaweza kukudanganya. Chomoa soketi, pima, inasoma volti 12.5, unashangilia, unachomeka, taa bado hafifu. Ni sawa na bomba la maji lililojaa tope: ukiziba mdomo wake kwa kidole unasikia presha yote, ukiachia yanachuruzika. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu unapitisha volti kamili pale ambapo hakuna kinachotumia umeme. Ukiupa mzigo wa globu ya wati 55, inayovuta karibu ampea 4.6, volti zinaanguka.

Kwa hiyo soketi ibaki imechomekwa, injini iungurume, taa ziwe kwenye dimu. Sukuma ncha za mita kwa nyuma ya soketi mpaka ziguse chuma. Pima miguu miwili ya uzi unaowaka, kisha pima betri. Kama betri ni 13.8 na kwenye globu ni 13.2, nyaya zako ni nzuri kwa umri wake. Kama kwenye globu ni 12.2, umepoteza zaidi ya asilimia 10, na mwanga wa globu ya uzi hauanguki kwa asilimia 10 tu: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Globu mpya haitaurudisha.

Sasa tafuta upande. Weka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye mguu wa globu unaoleta chanya. Namba utakayoiona ndiyo volti zilizopotea njiani kwenda. Kisha weka nyekundu kwenye mguu unaorudisha umeme na nyeusi kwenye hasi ya betri. Hizo ndizo zilizopotea njiani kurudi. Upande wowote unaopoteza zaidi ya nusu volti unastahili kazi. Kumbuka kwamba kwenye Toyota inayokata upande wa ethi njia ya kurudi inapita kwenye swichi ya usukani, kwa hiyo mikono ya shaba iliyoungua ndani ya swichi itaonekana upande wa kurudi.

Ukishajua upande, gawanya njia vipande. Pima kutoka betri hadi kuingia kwenye rilei, halafu kuingia na kutoka rilei, halafu pande mbili za fyuzi, halafu fyuzi hadi soketi. Kipande kinachoonyesha namba kubwa ndicho kibovu. Fyuzi nzima inayoonyesha zaidi ya volti 0.2 pande zake mbili ina vibanio vyenye kutu au vilivyopanuka. Kwa njia hii unaipata sentimita iliyooza bila kukata hata waya mmoja.

Vumbi la mlima, maji na panya

Mara nyingi utakachokuta ni moja ya mambo matatu.

La kwanza ni ethi. Waya mfupi unafungwa kwa skrubu kwenye bati karibu na taa, mahali panaporushiwa tope na tairi. Vumbi letu la udongo wa volkano ni laini kama poda, linapenya kila mahali, na mvua za masika zikija kati ya Machi na Mei linashika unyevu na kukaa nao. Fungua skrubu, piga msasa bati na kishikio cha waya mpaka ving'ae, funga kwa boliti yenye washa ya meno, kisha paka grisi au rangi juu. Grisi ije baada ya kukaza, isiwe katikati ya chuma na chuma.

La pili ni soketi ya globu. Ikiwa plastiki yake imekuwa ya kahawia au imeyeyuka upande mmoja, hapo palikuwa na joto, na joto lilitokana na mguso uliolegea. Kusafisha hakutasaidia, kwa sababu chuma cha ndani kimeshapoteza ukakamavu wa kubana. Nunua soketi mpya, ya kauri ukiipata. Soketi yenye kutu ya kijani lakini ambayo haijaungua inasafishika kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na brashi ndogo.

La tatu ni panya. Pikapu inayolala kando ya ghala la mahindi ni nyumba yenye joto la injini usiku. Angalia chini ya betri na kando ya ukuta wa injini kama kuna majani, maganda na nyaya zilizotafunwa. Ukirekebisha bila kuhamisha kiota, utarudia.

Pia punguza kuosha injini kwa pampu ya presha. Maji yanayosukumwa ndani ya viungo vya nyaya hayaonekani siku hiyo. Yanaonekana mwezi unaofuata kama kutu ya kijani.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Taa inayozima ukipita kwenye makorongo na kuwaka ukisimama inataka uvumilivu. Washa taa gari likiwa limesimama, kisha tikisa fungu la nyaya kidogo kidogo kutoka kwenye taa kuelekea dashibodi, mwenzako akitazama ukutani. Zungusha usukani kulia na kushoto, pandisha na kushusha usukani kama unaruhusu, funga na kufungua boneti. Kama taa zinazima baada ya dakika kumi na kurudi zikipoa, gusa rilei na swichi: yenye joto lisilo la kawaida ndiyo unayoitafuta. Kama zinazima mvua ikinyesha tu, nyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya mimea, kiungo kimoja kimoja, mpaka uione ikizima.

Fyuzi inayoungua kila ukiiweka usiilishe fyuzi nyingine. Chomoa globu za taa, kisha mahali pa fyuzi weka globu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Ikiwaka kwa nguvu wakati taa zimechomolewa, kuna shoti, na globu hiyo inazuia waya usiungue wakati unatafuta. Tembea na fungu la nyaya ukilitikisa. Itakapozima, mkono wako uko juu ya ugonjwa.

Usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya wa shaba. Fyuzi imewekwa iungue kabla ya waya. Ukiiondolea kazi hiyo, kitakachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, mahali usipopafikia ukiwa barabarani. Wenye Land Rover za Series wawe macho zaidi, kwa kuwa taa zao kubwa zilitoka kiwandani bila fyuzi kabisa. Kuziwekea fyuzi ni ukarabati bora kuliko kuziongezea globu.

Waya wa kutumia, na rilei

Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu hauna kazi kwenye gari. Mtikisiko wa njia ya mawe unauvunja ndani kwa ndani huku plastiki ya nje ikiwa nzima, na unarudi kwenye hitilafu inayokuja na kuondoka. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi. Unene wake una hesabu: taa mbili za dimu zinavuta karibu ampea 10 zikiwa pamoja. Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 4 utapoteza kama volti 0.9 kwa mzigo huo. Wa 2.5 utapoteza chini ya volti 0.3.

Unganisha kwa vishikio vya kubana na koleo lake, au kwa kuchomea risasi na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu ni msaada wa kufika nyumbani tu. Kila waya unaopita kwenye tundu la bati uvishwe mpira, na fungu zima lifungwe lisicheze.

Kama vipimo vimeonyesha kwamba volti zinapotea kwenye swichi na njia ndefu ya kupitia dashibodi, dawa ya kudumu ni rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Hii ndiyo dairekti ya kistaarabu. Waya mnene unatoka chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na betri, unaingia mguu namba 30 wa kila rilei. Mguu namba 87 wa rilei ya kwanza unakwenda dimu za taa zote mbili, wa rilei ya pili unakwenda fulu. Mguu wa pamoja wa kila globu unafungwa kwenye ethi nzuri. Kwa kuamsha rilei unatumia soketi moja ya zamani. Kwenye Toyota inayokata upande wa ethi, chanya ya soketi hiyo inaingia mguu 86 wa rilei zote mbili, waya wa dimu unaingia 85 ya rilei ya kwanza, na wa fulu 85 ya rilei ya pili. Kwenye Land Rover, 85 zote zinakwenda ethi, na waya wa dimu na wa fulu zinaingia kwenye 86, kila mmoja kwenye rilei yake. Swichi yako ya zamani sasa inabeba mzigo mdogo tu na itaishi muda mrefu.

Usijaribu kuponya waya mbovu kwa globu za wati 100. Globu mbili za wati 100 zinavuta zaidi ya ampea 16 pale ambapo kiwanda kilitarajia 10, na soketi zinayeyuka. LED nazo zina masharti. Nyingi za umbo la H4 zimeundwa kwa gari ambalo mguu wa pamoja ni ethi, kwa hiyo kwenye Toyota ya upande wa pili hazitawaka sawasawa. Na hata zikiwaka, ndani ya kioo kilichochongwa kwa globu ya uzi hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele yako.

Elekeza mwanga

Kazi ya umeme ikiisha, tazama kioo. Kama kile kioo cha ndani kinachoakisi kimefifia au kimeota kutu, volti 14 hazitakifanya king'ae, badilisha taa nzima. Ukinunua ya mtumba, hakikisha imetoka kwenye gari la usukani wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto, na taa ya usukani wa kushoto inamulika machoni mwa anayekuja badala ya kumulika ukingo wa barabara yako.

Simamisha pikapu mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, uweke alama ukutani kwa urefu huo. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 hivi chini ya alama. Fanya hivyo ukiwa na mzigo wako wa kawaida: pikapu iliyojaa ndizi inaketi nyuma na kuinua pua, na taa zilizopangwa gari likiwa tupu zitamulika juu ya miti.

Ukimpelekea fundi

Si kila mtu ana muda wa haya yote, na Arusha haina uhaba wa mafundi umeme wa magari. Mji unaoishi kwa magari ya utalii, wenye gereji za Unga Limited na Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1978, unao watu wanaoijua kazi. Mpelekee fundi dalili, usimpelekee hukumu. Usimwambie "badilisha swichi". Mwambie: "Fundi, taa ya kushoto ni nyekundu kwenye dimu, betri inasoma 13.9, kwenye globu 11.8, na gari hili linakata upande wa ethi." Mwombe akuonyeshe kwa mita, taa zikiwa zimewashwa, mahali volti zinapopotea kabla hajatoa koleo. Fundi makini atafurahi kwamba umemrahisishia. Atakayekataa kupima na kutaka kukata kwanza, mshukuru, ondoka.

Kazi ikikamilika, pima tena mbele yake, kushoto na kulia, dimu na fulu. Andika namba hizo, tarehe, upande ambao swichi inakata na ukubwa wa fyuzi kwenye kipande cha karatasi, kifunike kwa selotepu, ukibandike ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi. Kabla ya kila masika pima upya ulinganishe: volti zikianza kushuka upande mmoja, utasafisha kiungo kimoja mchana wa Jumapili, na fundi ajaye hataanza kutafuta upya kwa mkasi.